Kibali cha Watu Watatu

Jumamosi, 1 Juni

Kibali kimetoka! Shaylin kanipigia saa moja asubuhi, anapiga kelele mpaka nikadhani kuna mtu kafa. "Mama, tumepata! Ufa wa Tapley! Tarehe ishirini na moja Septemba, kulala usiku mmoja!"

Miaka mitatu wanaomba, yeye na mchumba wake, miaka mitatu wanakosa. Watu ishirini tu kwa siku ndio wanaoruhusiwa kulala ndani ya korongo lile jembamba, na wanaoingia kwenye bahati nasibu ni maelfu. Nikasema hongereni, mwanangu. Nikasema vizuri sana. Nikamwaga maziwa kwenye meza.

Sikuuliza kibali ni cha watu wangapi.

Jumapili, 2 Juni

Watatu. Ni cha watu watatu!

Walikuja kula baada ya kanisa. Nilipika kuku na vile viazi vya jibini, Corbin kajipakulia mara tatu. Kijana mwema. Nesi pale zahanati, miaka ishirini na saba, vidole virefu kama vya mpiga piano. Akiwa na jambo zito hukohoa kwanza. Leo akakohoa.

"Mama," akasema. Ameanza kuniita hivyo tangu Krismasi na kila mara nashtuka. "Mtu wa tatu ni wewe."

Nikacheka. Wao hawakucheka.

"Wewe ndiye unayeijua njia," Shaylin akasema. "Baba alikupeleka mara mbili."

"Nilikuwa na magoti ya msichana!"

"Magoti yako mazima. Kila asubuhi maili nne na mbwa wa jirani, halafu tukitaja Ufa ghafla yanauma."

Corbin akasema hataki kiongozi wa kulipwa. Anataka kwenda na watu wake. Aone pale Dallin alipofia, alale usiku mmoja, atokee upande wa pili akiwa mzima. Basi, hilo tu.

Dallin ni kaka yake. Mafuriko yalimchukua mle Ufani miaka kumi na tatu iliyopita, akiwa na miaka ishirini na miwili. Corbin alikuwa na kumi na minne. Ndiyo sababu alihamia mji wetu huu mdogo wakati wenzake wanakimbilia jiji la Salt Lake. Akampata Shaylin zahanati, kaenda kushonwa kidole. Siku Shaylin aliponitajia jina lake la ukoo, Wadley, nilikaa chini jikoni, sakafuni.

Nimewaambia nitafikiri.

Jumatano, 5 Juni

Sijalala vizuri siku tatu. Basi naandika. Daftari hili halisomwi na mtu.

Siku ile ya mafuriko, ilikuwa saa nne na ushee asubuhi. Nilikuwa zamu kwenye chumba cha simu, ofisi ya sherifu. Miaka ishirini na miwili nilipokea simu pale: ajali, moto, wazee walioanguka bafuni. Namba ya dharura inarekodiwa. Ile ya kawaida ya ofisi, hapana. Ikalia ile ya kawaida.

Kijana. Sauti changamfu. Akasema anaitwa Dallin, katoka Ogden, yuko kwenye maegesho juu ya Ufa, mtandao unashika kwa shida. Anataka kujua tu hali ya hewa ikoje leo.

Utaratibu sote tuliujua. Unasema: mimi sitoi utabiri, piga ofisi ya vibali, namba yao hii hapa. Sekunde kumi na tano! Lakini nilikuwa na fomu mbele yangu, na donati mkononi, na dirishani jua linawaka. Nikamwambia: "Hapa kwetu jua tu, mwanangu. Nenda ukafurahi."

Hayo ndiyo maneno yenyewe. Sijawahi kuyaandika.

Mvua ilinyesha uwanda wa juu, maili arobaini kutoka dirisha langu. Hapa mjini hata tone. Maji yakafika Ufani saa tisa alasiri. Jioni rafiki yake wa chuo akapiga, safari hii namba ya dharura, nami nikaandika kwenye kompyuta: mwanamume, 22, Dallin Wadley. Vidole vilikuwa vinaandika vyenyewe.

Wiki iliyofuata mkuu akauliza. Rekodi za simu ya marehemu zinaonyesha alipiga hapa, dakika moja na nusu. Nani alipokea? Zamu ile tulikuwa wawili, mimi na Gaylen. Nikasema sikumbuki, siku ile simu zilikuwa nyingi. Gaylen naye akasema hakumbuki. Yeye alikuwa anasema kweli.

Mkuu hakuuliza tena. Hakuna aliyeuliza tena, hata Rulon, na Rulon alikuwa mume wangu.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekubali.

Nikikataa itabidi nitoe sababu. Na wakienda peke yao, mimi nikae hapa nimeikodolea simu macho siku mbili — hapana. Hilo siliwezi.

Shaylin kanirukia shingoni. Corbin kasema asante, kwa sauti ya chini kabisa. Afadhali angeruka na yeye.

Jumatatu, 15 Julai

Ramani imetandazwa kwenye meza yangu ya kulia, imeshikizwa na chupa za chumvi na tomato sosi. Tumekaa nayo saa mbili.

Shaylin kasoma masharti ya kibali kwa sauti ya mtangazaji. Hakuna kuwasha moto. Hakuna mbwa. Karatasi ya kibali ining'inizwe kwenye begi ionekane. Na kinyesi — kila mtu atabeba chake mpaka nje, ndani ya mifuko maalumu!

"Corbin, utanibebea wangu?" akamwuliza.

"Hatujafunga ndoa bado."

"Mama, sikia mchumba gani huyu!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kwa dakika nzima nilisahau.

Halafu Corbin akatoa kalamu nyekundu akaweka nukta kwenye ramani. Ndogo, kwa uangalifu, kama anamchoma mtoto sindano. "Hapa ndipo walipomkuta." Maili sita kutoka mwanzo wa njia, pale kuta zinapokaribiana zaidi. Akakohoa. "Mama, pale mtu anaweza kupanda popote? Akisikia maji yanakuja?"

Nikamwambia ukweli. Hapana. Pale hakuna.

Nikawaonyesha mahali pa kulala. Maili nne mbele ya ile nukta Ufa unapanuka kidogo, kuna kilima cha mchanga na miti mitano sita, futi thelathini juu ya maji. Kuna chemchemi nyuma yake. Rulon na mimi tulilala pale. Ni salama, nikasema. Nikanywa maji.

Sikuwaambia kuhusu magogo. Mle ndani, ukiinua kichwa, unaona magogo yamekwama kati ya kuta mbili, juu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Mara ya kwanza nilimwuliza Rulon nani kayapandisha kule. Akasema, "Maji." Akaendelea kutembea, anapiga mluzi.

Jumapili, 11 Agosti

Leo ndiyo siku yenyewe. Miaka kumi na tatu.

Corbin hakuja kula. Alikwenda peke yake mpaka maegesho ya juu, akakaa ndani ya gari. Kila mwaka hufanya hivyo, hashuki.

Saa kumi simu ikalia. Namba ya Ogden. Nikaiacha ilie mara nne.

"Dada Norene? Ni Dada Wadley, mama yake Corbin. Samahani nakusumbua Jumapili."

Tumeonana mara mbili tu. Mwanamke mdogo, nywele nyeupe, anakukumbatia kwa nguvu isiyolingana na mwili wake. Akasema amesikia nitakwenda nao. Amelia kwa furaha, maana amemwomba Mungu wasiende wenyewe. Akasema askofu wao kawapa ruhusa kutembea Jumapili, siku ambayo kanisani kwetu ni ya kupumzika tu, kwa kuwa ni kama ibada. Tukacheka kidogo.

Halafu akasema, "Nimebaki na mmoja. Niahidi utamrudisha."

Nikasema nitafanya kila niwezalo.

"Hapana, Dada. Niahidi."

Nikaahidi! Ningesema nini?

Nikadhani ameshamaliza. Hakuwa amemaliza. Akasema miaka yote hii anajitahidi kumsamehe yule mzee wa ofisi yenu, Gaylen. Mtu aliyehamia Ogden kutoka huku alimwambia zamu ile alikuwepo Gaylen, na Gaylen alikuwa mtu wa kujibu ovyo. "Kama angemwambia tu asubiri. Nimesikia naye keshakufa. Najaribu, Dada Norene. Kanisani naimba, nafika kwenye neno msamaha, namwona yeye."

Gaylen alikuwa anajibu ovyo kweli. Alikuwa mkali, ananuka sigara, alinifundisha kazi. Saratani ilimmaliza miaka tisa iliyopita. Simu ile hakuigusa.

Nikamwambia Dada Wadley, "Pole." Nikakata simu.

Jumamosi, 24 Agosti

Tumefanya mazoezi na mabegi yaliyojaa. Langu pauni thelathini na mbili. Lita tano za maji ndizo zinazoua mgongo! Nimetoa taulo, nimetoa kitabu, nimetoa sweta la pili, nikalirudisha sweta. Maji ya mle ndani hayaoni jua mwaka mzima.

Tukirudi, Shaylin akaingia dukani kununua barafu. Tukabaki wawili kwenye pikapu, mimi na Corbin. Nilikuwa nimejipanga. Sentensi nilikuwa nayo tayari: Corbin, kuna jambo kuhusu ile simu.

Nikasema, "Corbin."

"Naam, mama."

"Mafuta yanatosha?"

Akachungulia mshale. "Robo tatu."

Nikasema vizuri.

Jumatano, 18 Septemba

Siku tatu zimebaki. Kuna mawingu yanatoka kusini, kutoka upande wa Meksiko. Utabiri wa Jumamosi: asilimia ishirini, radi za alasiri.

Asilimia ishirini! Asubuhi nimeitazama simu mara kumi na moja. Saa tatu ilikuwa asilimia kumi na tano, nikapumua. Saa sita ikarudi ishirini.

Nimewaza kujiangusha kwenye ngazi. Si utani. Nimesimama juu ya ngazi za ghala nikazihesabu. Tisa. Kisha nikaona, nikivunjika mguu wataenda wawili.

Nikawaza pia kuomba mvua kubwa, ya kufunga njia. Nikasita. Mimi niombe mvua?

Alhamisi, 19 Septemba

Nimekwenda ofisi ya vibali mwenyewe. Msichana mpya pale mezani, Marisol, hata miaka ishirini na mitano hajafika. Nikamwuliza, twende au tusiende?

"Mimi siwezi kukwambia uende au usiende, mama," akasema. "Naweza kukwambia ninachokijua." Akanigeuzia kompyuta. Akanionyesha mto wa Tapley unapoanzia, uwanda wote ule mwekundu, mkubwa kama kaunti nyingine. "Hapa kwenu mjini pasikudanganye. Usitazame anga iliyo juu yako. Tazama hii." Akaandika namba tatu kwenye kikaratasi, za vituo vya kupimia mvua na maji. Akaniuliza tutaanza saa ngapi, tutalala wapi, nani anajua tunatoka lini. Dakika sita nzima, na nyuma yangu foleni.

Sekunde kumi na tano tu ndizo zilizokuwa zinahitajika.

Nikatoka, nikakaa garini. Baadaye badala ya kurudi nyumbani nikaendesha mpaka uwanda wa juu, maili arobaini, nusu barabara ya vumbi, kwa Mzee Orval Stubbs. Ana ng'ombe wake kule miaka hamsini, na ana kopo la kupimia mvua kwenye nguzo ya uzio.

"Norene! Nilijua umestaafu. Nani kaiba ng'ombe?"

"Hakuna aliyeiba. Nataka kujua mvua."

"Umekuja maili arobaini kuuliza mvua? Simu si unayo? Miaka yote unashinda nayo sikioni!"

Akaniangalia, akaacha masihara. Tukaenda kwenye nguzo. Kopo kavu, buibui katanda ndani. Akasema Jumanne ilinguruma tu. Ardhi imekauka, mvua ya kwanza itateleza juu yake kama juu ya sahani, itashuka yote. "Inaanza hapa saa saba, saa nane mchana," akasema. "Asubuhi hainyeshi. Sijasema haitanyesha. Nimesema sijaiona ikinyesha."

Akakubali kunipigia kesho jioni. Nilipowasha gari akagonga kioo. "Wewe huwa huendi kule Ufani."

"Naenda sasa."

"Kwa nini?"

Nikamwambia binti yangu anaolewa. Akatikisa kichwa kana kwamba hilo limejibu kitu.

Ijumaa, 20 Septemba

Mabegi matatu yamesimama sebuleni. Kamba ya kushukia kwenye mawe makubwa, futi arobaini. Chujio la maji. Jiko dogo la gesi. Nyama kavu, chapati za Kimeksiko, siagi ya karanga. Viatu vya kulowana, soksi za sufu. Ile mifuko. Gari la Shaylin tumeshaliacha upande wa kutokea.

Orval kapiga: kopo bado kavu. Mawingu yapo, mbali, kusini. Utabiri umeshuka mpaka kumi.

Baada ya chakula Corbin kasimama mlangoni, mikono mfukoni. Shaylin alikuwa anaoga. Akakohoa.

"Mama, wewe ni mtu wa hapa. Unaonaje hali ya hewa? Twende?"

Nilishika ukingo wa sinki. Sura ile ile ya mdomo wa Dallin, nimeiona kwenye picha. Swali lile lile. Alisimama ananisubiri kama mtu anayesubiri kupewa funguo.

Nikasema, "Sijui."

Akashangaa. Nikamwambia sijui, Corbin, na usimwamini mtu atakayekwambia anajua. Nitakwambia ninachokijua. Nikamweleza yote: kopo la Orval, ardhi kavu, asilimia kumi, namba tatu za Marisol, saa saba na saa nane mchana. Nikamwambia tukiingia alfajiri tutakuwa tumeivuka sehemu nyembamba kabla ya saa sita. Tukichelewa hata kwa saa moja, tunageuka. Na maegeshoni asubuhi tutazitazama namba zote tena, na mmoja wetu akisema hapana, basi ni hapana, na mtu asinuniwe.

Sauti ilikuwa inanitoka haraka, nyembamba. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hakuna aliyewahi kuniambia vizuri hivi," akasema. Akanikumbatia.

Angejua anamkumbatia nani.

Nimeamua. Nitamwambia kesho, tukishafika kilimani, tukishakuwa juu ya maji. Si kabla. Mle ndani namhitaji aangalie miguu yake.

Jumamosi, 21 Septemba — maegeshoni, saa kumi na mbili asubuhi

Asilimia tano. Orval: kavu. Marisol kajibu ujumbe saa kumi na moja alfajiri, sijui hulala lini. Tumeulizana mmoja mmoja. Shaylin, ndiyo. Corbin, ndiyo. Mimi nikasema ndiyo.

Corbin ana kidude cha setilaiti, cha kutuma ujumbe kule kusiko na mtandao. Ameshamwandikia mama yake: Tunaanza.

Naogopa. Naandika ili niseme tu mahali fulani. Naogopa, naogopa, naogopa.

Siku hiyo hiyo — kilimani, jioni

Tumefika. Saa tisa. Wote wazima.

Nitaandika haraka. Niko chini ya mti, daftari gotini, na sitaki kuinua macho.

Mle ndani palikuwa vile vile. Maili mbili za kwanza kokoto na jua, Shaylin anaimba. Kisha kuta zikainuka, zikasogea, na wimbo ukakatika wenyewe katikati ya mstari. Baridi. Giza la kijivu saa mbili asubuhi. Kuna mahali niligusa kuta zote mbili kwa viwiko. Madimbwi matano, la tatu lilinifika kifuani. Tope chini linashika mguu linauvuta, begi nimelibeba kichwani, moyo unapiga mpaka nausikia ukutani. Macho yangu yalikuwa juu tu, kwenye ule uzi wa anga. Bluu. Bluu. Nikiona wingu dogo kama pamba nasimama mpaka lipite. Shaylin akanipita, "Mama, tembea!"

Corbin aliyaona magogo. Alisimama chini yake, kichwa kimerudi nyuma. Hakuuliza.

Pale penye nukta tulifika saa nne kasorobo. Hakuna kitu pale. Mchanga, jani kavu, kuta laini kama zimepigwa pasi. Corbin aliweka kiganja ukutani akakaa hivyo. Shaylin akamshika mkanda wa begi kwa nyuma, akaushika tu. Mimi nilisimama hatua kumi nyuma. Nilikuwa nahesabu dakika. Nilipofika saba nikasema, "Twendeni, wanangu." Nilichukia sauti yangu.

Saa tano na nusu tukatoka kwenye wembamba. Nilikaa chini nikalia, wakadhani ni uchovu.

Basi. Kilimani. Tukapiga hema mbili. Shaylin akachukua chupa akaenda chemchemini. Corbin akavua viatu, akakamua soksi. Anga safi kabisa. Sikuwa na kisingizio hata kimoja.

Nikasema, "Corbin, ile simu Gaylen hakuipokea."

Akaendelea kukamua. "Alipokea nani?"

"Mimi."

Nikamwambia. Fomu, donati, dirisha, jua, neno kwa neno. Nikamwambia mkuu aliponiuliza nikasema sikumbuki, na miaka yote hii nimekula naye meza moja nikakumbuka. Nilikuwa namwambia yeye huku naongea na soksi yake.

Kunguru alipita, nikasikia mabawa. Nilitaka apige kelele. Nilimwomba kimoyomoyo apige kelele.

Akauliza, "Alikuwa na sauti gani?"

Sikuelewa.

"Ile dakika moja na nusu. Sisi hatukuongea naye wiki nzima. Alikuwa na sauti gani?"

Nikasema ya furaha. Kama mtu anayekula huku anaongea. Alicheka mara mbili. Akasema simu inakaribia kuzima. Akasema ana mdogo wake nyumbani amemwagiza picha ya mjusi mwenye tumbo la bluu, na asiporudi nayo hataingia chumbani, maana wanalala chumba kimoja na yule mdogo ana funguo.

Corbin alijifunika uso kwa kofia. Mabega yakatikisika. Sijui muda gani.

Kisha akasema kutoka ndani ya kofia, "Mama yangu anamchukia maiti." Akasimama, bila viatu, akachukua kile kidude akashuka mpaka pale kuta zinapoachana, penye anga pana. Nikamwona anamwandikia mama yake. Vidole gumba vyote viwili. Aliandika sana.

Shaylin akarudi na maji. "Ana nini?" Nikamwambia kwa sentensi tatu, zaidi ya hizo sikuwa nazo. Akaweka chupa chini, moja moja, akizipanga. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu usiyemjua dukani.

"Na Jumapili zote zile, Mama? Viazi vyote vile?"

Akamfuata Corbin. Corbin akainua mkono bila kugeuka. Shaylin akasimama. Bado amesimama pale, katikati yetu, kwenye mchanga, mikono kajikumbatia.

Ujumbe mle Ufani hauendi upesi. Unasubiri setilaiti ipite juu ya ule uwazi. Dakika arobaini sasa. Kule Ogden, Dada Wadley hujifunga simu kiunoni siku kama ya leo, atakuwa jikoni, anahesabu saa.

Nimejaribu kuwasha jiko, kiberiti kimenivunjikia mara tatu.

Kidude kimelia. Mlio mdogo, kama wa ndege, lakini kuta zimeurudisha mara mbili.

Corbin anasoma jibu la mama yake. Ujumbe wa kile kidude ni mfupi, mistari miwili mitatu, lakini bado anasoma. Sasa kamaliza. Anasoma tena.

Anakuja huku. Kampita Shaylin, hajamwambia kitu, Shaylin kageuka anamfuata. Miguu mitupu juu ya mawe na wala hatazami anapokanyaga. Macho yake mekundu na siwezi kuyasoma. Kidude kakishika mbele, kioo kimegeuzwa upande wangu.

Ananinyooshea nisome mwenyewe —